Jina Lake Nani, na Yuko Wapi?

Somo kwa wazazi, kwa vijana, na kwa wenye nyumba mijini

Asubuhi mapema, katika kituo cha mabasi cha Korogwe, au kule Segera zinapokutana barabara za Tanga, Moshi na Dar es Salaam, msafiri hakosi kumwona. Ni msichana wa miaka 15 au 16. Amejifunga kanga safi juu ya gauni lake, amebeba mfuko mmoja, na kando yake amesimama mama ambaye si mama yake. Ametoka kijijini, upande wa Handeni au wa Korogwe, naye anakwenda mjini kufanya kazi za nyumbani. Mama mzazi amebaki shambani. Ukimwuliza binti yake anakwenda kwa nani, atakujibu, "Kwa watu wema, Dar es Salaam." Ukimwuliza ni mtaa gani, atanyamaza. Ukimwuliza jina la mwenye nyumba, atasema, "Yule aliyemchukua anamjua."

Huko aendako hataitwa kwa jina lake. Baba wa nyumba atamwita "dada", watoto watamwita "dada", na majirani watasema "dada wa kwa fulani". Neno lenyewe ni la heshima, wala hatulilaumu. Lakini msichana huyo akitoweka, mzazi ana jina lisilo na mahali, na mwenye nyumba ana mahali pasipo na jina. Polisi wataanzia wapi?

Wasomaji wapenzi, somo letu la juma hili ni zito, lakini lafaa lisomwe nyumbani, wazazi na watoto wakiwa pamoja. Twataka kuuliza kwa nini kutoweka na kufa kwa wanawake vijana hubaki mara nyingi bila jibu. Watu husema ni kwa kuwa wauaji ni wajanja na polisi ni wazito. Huenda ikawa hivyo mara nyingine. Lakini ukizitazama habari hizo kwa makini, utaona jambo jingine lililotangulia. Kabla mkono wa mtu mwovu haujamgusa binti, kamba iliyomfunga kwa watu wake ilikuwa imekwisha kulegezwa na mikono mingi ya watu wasio waovu. Hakuna aliyeandika jina lake wala aliyejua anakaa wapi, na alipokawia kurudi hakuna aliyeuliza kwa sauti.

Nchi iliyopata kupoteza watu

Nchi ya Uzigua yajua jambo hili tangu zamani. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliiangukia nchi hiyo. Masimulizi ya Wazigua yasema kwamba watu wengi walishuka pwani kutafuta chakula, wakaahidiwa kazi na posho ng'ambo ya bahari, kisha warudi kwao. Wakapanda majahazi kwa hiari yao. Walipofika pwani ya Benadiri, katika nchi iitwayo leo Somalia, wakajikuta wameuzwa kuwa watumwa. Ahadi ya kazi ndiyo iliyowapoteza, wala wazee waliowaaga hawakujua wamepelekwa wapi.

Yaliyofuata yatufundisha. Wengi wao walitoroka mashamba ya mabwana zao, wakaenda kukaa katika misitu ya bonde la mto Juba. Masimulizi yao humtaja mwanamke, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza katika safari hiyo. Huko wakaishi vizazi kadhaa katikati ya watu wa lugha nyingine, na baadhi yao hawakuacha kusema Kizigua wala kuwatajia watoto wao koo zao na nchi walikotoka. Vita vilipozuka Somalia katika miaka ya 1990, baadhi ya wajukuu na vitukuu hao walikimbilia Tanzania, wakafika Handeni, na baadaye wakapewa makazi Chogo. Walipokelewa na watu waliosikilizana nao kwa lugha. Zaidi ya miaka 150 ilikuwa imepita, na bado waliweza kusema wao ni nani na wametoka wapi.

Watu walioshika jina na asili yao walionekana tena baada ya karne nzima na nusu. Je, sisi wa leo, wenye simu mfukoni na barabara ya lami itokayo Handeni hadi Mkata na hadi Korogwe, twawezaje kumpoteza binti kwa mwendo wa siku moja?

Habari ya Agnes Wanjiru

Sasa twende kwa jirani zetu wa Kenya, katika mji wa Nanyuki ulio chini ya mlima Kenya, ambako askari wa Uingereza hufika kwa mazoezi ya kivita. Agnes Wanjiru alikuwa mwanamke kijana wa miaka 21, msusi wa nywele, mama wa mtoto mchanga wa miezi mitano. Usiku wa tarehe 31 Machi 2012 alionekana kwa mara ya mwisho katika hoteli moja ya mji huo, akiwa na askari wa Kiingereza. Asubuhi hakurudi kwa mtoto wake. Ndugu zake wakamtafuta. Mwezi Juni, baada ya miezi miwili na zaidi, mwili wake ulikutwa katika shimo la maji machafu la hoteli hiyo.

Hapo ndipo tungetazamia kesi. Lakini askari walikwisha kurudi kwao, na mwaka ukapita, na mwaka mwingine tena. Mnamo Novemba 2019 hakimu aliyeongoza uchunguzi wa kifo hicho, Bibi Njeri Thuranira, alitamka kwamba Agnes aliuawa, na kwamba waliofanya hivyo ni askari wa Kiingereza, mmoja au wawili. Hata hivyo hakuna aliyekamatwa. Mwaka 2021 gazeti la Sunday Times la London lilichapa habari kwamba jambo hilo lilikuwa likisemwa miongoni mwa askari wenyewe, na kwamba mmoja wao alikuwa akitajwa na wenzake. Basi polisi wa Kenya wakaifungua habari upya. Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikatoa hati ya kumkamata mtu mmoja aliyekuwa askari, na Novemba mwaka huo akakamatwa huko Uingereza. Yeye alikana, na mtuhumiwa huhesabiwa hana hatia mpaka mahakama itakaposema neno lake.

Hesabu miaka hiyo. Toka Machi 2012 mpaka Novemba 2025 ni miaka 13 na miezi saba. Yule mtoto mchanga alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa.

Katika habari hii kuna mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni kwamba siri haikuwa siri. Wako watu waliosikia, wakaenda zao kulala. La pili ni kwamba habari haikufa kwa sababu watu wachache walikataa kunyamaza. Ndugu waliendelea kudai haki, mtu baada ya mtu akaulizwa, maneno yakaandikwa, hakimu akatamka kwa maandishi kwamba huyu aliuawa. Lau Agnes asingekuwa na ndugu wa kulitaja jina lake mwaka baada ya mwaka, angezikwa pamoja na habari yake.

Mji ulionyamaza

Msidhani kwamba jambo hili ni la nchi maskini peke yake. Kanada ni nchi tajiri, yenye polisi wa kutosha na barabara nzuri. Huko, mwaka 1971, Helen Betty Osborne, msichana wa miaka 19 wa kabila la Wacree, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo, alikuwa ameacha nyumba ya wazazi wake katika kijiji cha Norway House. Alikwenda kusoma katika mji uitwao The Pas kwa kuwa alitaka kuwa mwalimu. Alikaa katika nyumba ya watu wengine, kama wakaavyo watoto wetu wengi waendao kusoma mbali. Usiku wa tarehe 13 Novemba alipokuwa akitembea njiani, vijana wanne wa kizungu walimchukua kwa nguvu katika motokaa, naye akauawa.

Haukupita muda mrefu kabla watu wengi mjini hawajajua ni akina nani waliohusika. Habari zilizungumzwa katika vilabu na majumbani. Lakini ilipita miaka 16, mpaka mwaka 1987, ndipo mmoja wa wale wanne akatiwa hatiani. Watatu wengine hawakuhukumiwa kwa mauaji hayo. Tume iliyochunguza habari hiyo ilitoa taarifa yake mwaka 1991, ikasema wazi kwamba ubaguzi na kutojali ndivyo vilivyoichelewesha haki. Aliyeuawa alikuwa mwanamke, tena mwenyeji wa asili, na hivyo mji haukuona haraka.

Miaka mingi zaidi ikapita kabla ya kuhesabiwa wengine waliofanana naye. Mwaka 2014 polisi wa taifa la Kanada walipoandika hesabu yao, walikuta wanawake 1,181 wa wenyeji wa asili waliouawa au kutoweka kati ya mwaka 1980 na 2012. Kati yao 1,017 waliuawa, na 164 walikuwa hawajulikani walipo. Ndugu zao walikuwa wakilia siku zote hizo, lakini kila ukoo ulilia peke yake, na serikali ikaona vifo vya hapa na pale. Hesabu ilipoandikwa mahali pamoja, hapakuwa tena na mtu wa kusema ni bahati mbaya. Tume ya taifa ikaundwa, na tarehe 3 Juni 2019 ikatoa taarifa yake, yenye madai 231 ya haki.

Vitu vinavyotufunga mdomo

Sasa turudi nyumbani Handeni na Korogwe, na penginepo pote gazeti hili lisomwapo. Ni vitu gani vinavyotuzuia kuuliza?

Kwanza ni aibu. Binti asiporudi, neno la kwanza la majirani ni kwamba ametoroka na mwanamume, au ana mimba naye anajificha. Mzazi akisikia hivyo huona haya kwenda polisi. Hungoja juma moja, kisha mwezi, akitumaini kwamba atasikia habari. Nao muda ule ambapo dereva bado angekumbuka sura ya abiria wake, na jirani bado angekumbuka kelele za usiku ule, umepita. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humfichua.

Pili ni hukumu juu ya mwenendo. Mwaka 2017, katika wilaya ya Wakiso nchini Uganda, kandokando ya Entebbe na Nansana, wanawake zaidi ya 20 waliuawa katika muda wa miezi michache tu. Kabla wauaji hawajajulikana, maneno yalikuwa yamekwisha kuenea juu ya mwenendo wa marehemu. Mtu akisema, "Mbona alikuwa akitembea usiku?" hudhani amesema neno la busara, kumbe amemsaidia mwuaji, maana amewapa watu sababu ya kutojali. Hata kama binti alikosea njia, kosa lake halikumpa mtu yeyote ruhusa ya kumwua. Swali lililo mbele yetu ni nani aliyeua.

Tatu ni kuzika haraka na kupatana. Binti hurudishwa kijijini akiwa maiti, na mleta maiti husema aliugua ghafula. Fedha kidogo hutolewa za mazishi. Wazee huambiwa kwamba kwenda mahakamani ni gharama. Basi huzikwa siku ile ile, na ushahidi huzikwa pamoja naye. Yafaa kila mtu ajue kwamba Tanzania ina Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, na kwamba kifo cha ghafula au cha mashaka sharti kiarifiwe wenye mamlaka, ili sababu yake ichunguzwe. Kuomba mganga wa hospitali autazame mwili si kumvunjia marehemu heshima. Ni heshima ya mwisho tuwezayo kumpa.

Nne ni kwenda kuuliza pasipostahili. Wako watu ambao, badala ya kwenda kituo cha polisi, huenda kwa mpiga ramli. Huyo atawatajia bibi kizee fulani wa kijijini, na hapo jambo moja ovu huzaa la pili. Bibi yule hupigwa au kufukuzwa, naye aliyemdhuru binti hukaa salama mjini.

Yatupasayo kufanya

Wengine watasema, "Ninyi waandishi mnasema kwa urahisi. Shamba limekauka, ada na sare za wadogo zataka fedha, na binti mwenyewe ataka kwenda." Neno hilo ni kweli. Hatusemi kwamba binti afungiwe ndani. Wasichana wengi wamekwenda mjini, wamefanya kazi kwa uaminifu, wamejenga nyumba za wazazi wao na kuwasomesha wadogo zao. Twasema tu kwamba asiondoke bila kamba ya kumvutia nyumbani. Kamba hiyo haina gharama kubwa.

Kabla hajaondoka, mzazi ajue umri unaoruhusiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Naye aliyezidi umri huo lakini bado ni mtoto hapewi kazi ya kumdhuru wala ya kumnyima masomo. Anayekuja kumchukua binti aende kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji, jina lake liandikwe, pamoja na jina la mwenye nyumba, mtaa, na namba za simu za watu wawili. Mzazi azungumze kwa simu na mwenye nyumba mwenyewe kabla ya siku ya safari. Akikataa kusema jina lake, basi jibu umekwisha kulipata. Tena Sheria ya mwaka 2008 juu ya kusafirisha watu kwa hila yamhesabu kuwa mhalifu yule amchukuaye mtu kwa udanganyifu ili amtumikishe. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu.

Binti naye afundishwe. Ajue kwa moyo namba ya simu ya nyumbani, maana simu huibwa na karatasi hupotea. Awe na siku maalumu ya kupiga simu, mathalan kila Jumapili jioni, na nyumbani wajue kwamba siku ile akikosa, sharti atafutwe. Waweke pia neno moja la siri. Akilitamka, wazazi wajue kwamba yuko taabuni ijapokuwa mwenye nyumba amesimama karibu. Akiwa bado mtoto, aijue namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, isiyotozwa malipo.

Akitoweka, usingoje. Nenda polisi siku ile ile, chukua picha yake, taja nguo alizovaa na alama ya mwili wake. Dai namba ya taarifa yako, ile watu waiitayo RB, uitunze kama hati ya shamba. Waulize wa Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiona jambo limelala, rudi tena, na urudi na shahidi. Andika katika daftari siku uliyokwenda na jina la aliyekupokea. Daftari la mama asiyechoka limewahi kufungua kesi ambazo wakubwa walizifunga.

Sasa neno kwa wewe msomaji uliye mjini, maana wengi wenu mnaosoma ukurasa huu ndio mwajiriao. Tafadhali liweke gazeti chini kidogo, umwite yule binti aliye jikoni. Je, walijua jina lake la ukoo? Baba yake aitwa nani, na ni wa kijiji gani? Umepata kuzungumza na mama yake? Sheria yakutaka umpe maelezo ya kazi yake kwa maandishi: ujira, saa za kazi, siku za kupumzika. Wangapi wamefanya hivyo? Mtoto wako mwenyewe akisafiri kwenda shule, huandika kila kitu, hata namba ya kiti cha basi. Binti wa mwenzako naye ni mtoto wa mtu, na usiku huu huko Handeni yuko mama anayesikiliza kama simu italia.

Katika vitabu vya ubatizo vya kila parokia majina yameandikwa: la mtoto, la baba, la mama, na la mdhamini. Waliotutangulia hawakutaka mtu aishi na kufa bila ya kuandikwa mahali. Mdhamini aliyesimama siku ile na ajue kwamba kazi yake haikwisha kanisani. Ni haki yake kupiga simu na kuuliza, "Binti yetu hajambo?"

Maswali ya kuzungumzwa nyumbani

1. Ni wasichana gani wa ukoo wetu walio mbali na nyumbani? Twajua mahali wanapokaa, na jina la mwenye nyumba?

2. Je, kuna binti wa kijiji au mtaa wetu aliyetoweka au kufa, na habari yake ikaachwa? Nani angeweza kuwasaidia ndugu zake waulize tena?

3. Katika mji wa The Pas watu walijua wakanyamaza miaka 16. Kwetu sisi, tungesikia neno kama hilo, tungekwenda kumwambia nani?

4. Yule anayetusaidia kazi za nyumbani, jina lake nani?